Klabu iko mbali, lakini timbo si uwanja wa shabaha

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nimjibu mwenzetu mmoja wa hapa Malindi, ambaye aliwahi kulalamika katika ukurasa huu huu kwamba sisi wenye leseni za bastola tunaoishi pwani ya kaskazini tumetupwa. Hoja yake ilikuwa kwamba, kwa vile hatuna klabu wala uwanja wa shabaha ulio karibu, na kwa vile mashindano ya ulengaji wa vitendo hufanyika huko bara, basi tuachiwe tukafanye mazoezi katika matimbo ya mawe yaliyoachwa na katika vichaka vya ng'ambo ya Sabaki, la sivyo tutabaki kuwa wasindikizaji kila tukienda kushindana. Kilio chake ni kilio changu pia, maana nimekwisha kuendesha gari kutoka Malindi hadi Kiambu, mwendo wa kilomita 600 na ushei, kwenda kufyatua risasi zisizofika 100 na kurudi. Dawa aliyoipendekeza ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Kwanza niwaeleze wasomaji wasioujua mchezo wenyewe, kwa sababu wengi wakisikia kulenga shabaha humfikiria yule mtu wa Olimpiki aliyesimama wima kama mlingoti, mkono mmoja mfukoni, akilenga kwa utulivu wa mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Ulengaji wa vitendo ni jambo jingine. Mshindani huanza bastola ikiwa ndani ya ala kiunoni, husubiri mlio wa saa, kisha huchomoa, hulenga, hufyatua, hukimbilia nyuma ya ukuta wa mbao au pipa, hubadilisha magazini, yaani kile kisanduku cha risasi kinachoingia mpinini, huku akienda, na kuendelea mpaka kila shabaha ya kadibodi ipate haki yake. Shirikisho la kimataifa la mchezo huu, IPSC, liliundwa mwaka 1976 katika mji wa Columbia, jimbo la Missouri nchini Marekani, na rais wake wa kwanza alikuwa Jeff Cooper. Mwaka 1996 kikaanzishwa chama kingine, IDPA, cha watu waliotaka mashindano yafanywe kwa bastola na ala za kawaida ambazo mtu huzibeba kweli chini ya shati lake, si kwa vifaa vya bei ya kutisha vilivyotengenezwa kwa ajili ya uwanjani tu.

Katika IPSC alama za mshindani hugawanywa kwa sekunde alizotumia. Katika IDPA zinazohesabiwa ni sekunde zenyewe, na kila alama uliyoipoteza kwa kupiga nje ya duara la katikati huongezwa kama sekunde 1 juu ya muda wako. Ukimpiga asiyestahili kupigwa, yaani kadibodi iliyochorwa mikono mitupu, unaongezewa sekunde 5, na hapo ndipo watu wengi wenye mikono myepesi wanapoachwa na wazee wataratibu. Nimeieleza hesabu hiyo kwa makusudi, kwa kuwa ndani yake mna jibu langu kwa mwenzetu. Muda wa mshindani hauliwi na kufyatua. Unaliwa na kuchomoa bastola, kuitafuta shabaha kwa macho, kupapasa magazini ya akiba, kusita mlangoni, kusahau ni kadibodi ipi uliyokwisha kuipiga. Na hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho ili ukirekebishe ni lazima risasi itoke kwenye mtutu.

Sasa nije kwenye matimbo. Mimi ni muuza vifaa vya ujenzi, na mawe ya kujengea ninayoyauza hutoka humo humo kwenye matimbo, kwa hiyo nayajua kuliko mtu anayeyaona kutoka barabarani. Timbo linaloitwa limeachwa halikuachwa na watu. Limeachwa na mashine tu. Nenda siku ya Jumamosi saa tatu asubuhi utakuta vijana wanakusanya vifusi vya kuuza, mbuzi wanapanda na kushuka kingo zake na mchungaji wao kalala kivulini, na mvua za masika zikishapita watoto wanaoga katika madimbwi yaliyobaki chini. Mwenzetu alisema ukuta wa timbo unatosha kuzuia risasi. Hautoshi. Jiwe la matumbawe lililokatwa ni gumu na lina kona kila upande, na sakafu ya timbo imejaa vipande vilivyolala ovyo, na risasi ikigonga jiwe kwa pembe haizami, bali hudunda na kwenda usikokujua. Risasi ya milimita 9, ambayo ndiyo inayotumiwa na wengi wetu, isipozuiwa inaweza kufika karibu kilomita 2. Pimeni wenyewe kilomita 2 kutoka timbo lolote mnalolijua upande wetu muone mnakutana na shule ngapi na mashamba mangapi. Uwanja halali huwa na tuta refu la udongo au mchanga ambamo risasi huzama, na huwa na mtu mmoja mwenye mamlaka ambaye neno lake likisema simama, kila mtu husimama. Timbo halina tuta wala halina mtu huyo.

Kisha kuna sheria. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, humruhusu mwenye cheti kumiliki silaha kwa masharti aliyoandikiwa, na hakuna sharti katika cheti changu linalosema nikafyatue popote panaponipendeza. Msitu wa Arabuko-Sokoke, ambao najua wapo walioutolea macho, ni hifadhi, na mtu atakayekutwa humo na bastola mkononi asitarajie kwamba askari wa msitu atasikiliza hadithi za IDPA. Pia tusisahau tunaishi wapi. Wenzetu wa Lamu, walioyaona mashambulizi ya Mpeketoni mnamo Juni 2014 na kisha wakawekewa amri ya kutotoka nje usiku, hawahitaji kufafanuliwa mlio wa bunduki kichakani unamaanisha nini kwa mama aliye shambani. Malindi nasi hatuko mbali nao kiasi cha kuuchukulia mlio huo kama mchezo.

Lakini sikusudii kumkemea ndugu yangu huyu, maana ugonjwa wake niliuugua kabla yake. Nilipokwenda kwenye mashindano yangu ya kwanza huko bara, nilikwenda nikiamini kwamba kilichonipungukia ni risasi. Wenyeji walikuwa wakifika uwanjani kila mwisho wa wiki. Mimi tangu nipate cheti nilikuwa nimefyatua mara chache za kuhesabika, zote nikiwa nimesimama mbele ya kadibodi moja iliyotulia. Kituo cha kwanza, yaani sehemu ya kwanza ya mashindano yenye mpangilio wake wa shabaha, nilikimaliza vizuri kwa kujikokota. Kituo cha pili kilinitaka nitoke dirisha la kulia niende mlango wa kushoto, nikibadilisha magazini njiani. Mimi hutumia mkono wa kulia, na mtu wa mkono wa kulia anapokwenda kushoto huku amekunja kiwiko ili aingize magazini, mdomo wa bastola hutaka kufuata kifua chake. Wangu ukafuata. Ukapita nyuzi 90, ukaanza kutazama nyuma walikosimama watu. Nikasikia sauti moja tu, "Simama!", na mkono wa afisa wa usalama ukawa umekwisha kufika mbele yangu. Alinitaka niondoe magazini, nimwonyeshe kwamba chemba, yaani tundu linalokaa risasi, ni tupu, niirudishe bastola kwenye ala, kisha akaniambia kwa upole kabisa, "Mzee, leo umemaliza." Adhabu ya kosa hilo ni kuondolewa katika mashindano yote, hata kama umetoka mwezini. Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi. Kutoka Mtito Andei mpaka Mariakani sikuwasha redio.

Katika safari hiyo ndefu nilijiuliza kama risasi 1,000 za mazoezi zingeniokoa, nikaona zisingeniokoa. Ningezifyatua zote nikiwa nimesimama, kama kawaida yangu. Kosa lile lilikuwa la miguu na kiwiko, na kiwiko hakiulizi kama bastola ina risasi au haina.

Basi nikaanza mazoezi makavu, yaani mazoezi ya bastola tupu, na ningependa kuyaeleza kwa kirefu kidogo kwa faida ya wenzangu walio mbali na klabu, wawe Watamu, Mambrui, Lamu au Hola. Nayafanyia katika chumba cha uani cha nyumba ya marehemu mama yangu, mtaa wa Shela, nyumba ya zamani ambayo kuta zake za mawe na chokaa zinakaribia unene wa nusu mita. Hata hivyo siuamini ukuta peke yake. Nimepanga magunia ya mchanga mbele yake, yaliyosimama kufika kifuani, na kadibodi yangu hubandikwa mbele ya magunia hayo na si pengine popote. Risasi haziingii chumba kile kamwe. Hufungiwa ndani ya kisanduku katika chumba kingine, na ufunguo hukaa kwa mke wangu, ambaye mwanzoni aliliona jambo hili kama uchizi wa wanaume wa umri wangu, lakini siku hizi ndiye anayeniuliza, kabla hajafunga mlango nyuma yangu, "Umeangalia?"

Ninachotakiwa kuangalia ni hiki. Naondoa magazini na kuiweka mbali. Navuta slaidi, kile chuma cha juu ya bastola kinachorudi nyuma, mara tatu, naishikilia wazi, natazama ndani ya chemba, kisha naingiza ncha ya kidole kidogo nikapapase, kwa sababu jicho lililozoea kuona patupu huona patupu hata pasipokuwa patupu. Nazikagua magazini zote moja moja, maana ninazotumia kwa mazoezi huwa na risasi bandia za plastiki zenye rangi nyekundu, na sitaki rangi nyingine yoyote humo. Kisha nasema kwa sauti, "Naanza." Msomaji anaweza kucheka mtu mzima anayezungumza na magunia ya mchanga, na wanangu walicheka sana, lakini neno lile ndilo linaloutenganisha muda wa bastola tupu na muda mwingine wote.

Hatari kubwa iko mwishoni, na wakufunzi wote niliokutana nao wameonya hivyo hivyo. Mtu humaliza mazoezi, hurudisha risasi kwenye bastola, kisha hukumbuka kwamba ile ya mwisho haikumpendeza, akajiambia, "Moja tu." Hiyo moja ndiyo inayotoboa runinga, au jambo baya zaidi ya runinga. Kwa hiyo mimi kadibodi huibandua kwenye magunia kabla sijaondoka chumbani, naikunja na kuitia chini ya kitanda, na ikishabanduliwa hakuna mazoezi tena mpaka kesho yake. Madirisha huyafunga pazia, kwani jirani akiona kivuli cha mtu anayechomoa bastola ana kila haki ya kuita polisi. Mzee wa mtaa nilimweleza tangu mwanzo, akataka kuja kuona, akaja, akanywa chai, akaondoka akisema afadhali mimi kuliko wale wa pikipiki zisizo na bomba.

Muda wangu ni dakika 15 baada ya swala ya Alfajiri, wakati mtaa umetulia na kabla sijafungua duka. Zaidi ya hapo akili huchoka na mkono hujifundisha uvivu. Duara la katikati la shabaha ya IDPA lina upana wa sentimita 20 hivi, na kwa kuwa chumba changu hakinipi zaidi ya mita 3, nimeichora shabaha yangu kwa theluthi ya ukubwa wake, ili mita 3 za chumbani ziwe kama mita 9 za uwanjani. Theluthi ya duara lile haifiki sentimita 7. Nililichora kwa kufunikiza kikombe cha kahawa chungu juu ya kadibodi na kukizungushia kalamu, na nadhani ndicho kifaa cha bei nafuu kuliko vyote katika mchezo huu.

Naanza na kifyatulio peke yake. Naweka sarafu ya shilingi 10 juu ya bastola, nyuma ya kijino cha mbele cha kulengea, kisha nakivuta kifyatulio mpaka kilie. Sarafu ikianguka, ina maana mkono umetikisika wakati wa kuvuta, na risasi halisi ingekwenda chini kushoto, ambako risasi zangu nyingi za zamani zilikwenda. Wiki mbili za kwanza nilikuwa naokota sarafu kama mtoto wa siku ya Idi. Bastola nyingi za siku hizi hazidhuriki kwa kufyatuliwa tupu, lakini mwenye silaha ya zamani, na hasa ile ndogo ya .22 ambayo pini yake hugonga ukingo wa ganda, asiifyatue bila risasi bandia ndani, maana pini inaweza kuugonga ukingo wa chemba na kuuharibu.

Baada ya hapo ndipo huja kuchomoa. Simu yangu ina programu ya saa ya walengaji, ambayo hulia mara ya kwanza baada ya kusubirisha kwa sekunde chache usizozijua, kisha hulia mara ya pili baada ya muda uliouweka wewe. Kazi ni kuwa umechomoa, umelenga na kuvuta kifyatulio kabla ya mlio wa pili. Nilianza na sekunde 3 nikashindwa. Nilipoacha kukimbiza mkono wote na kujifunza kuishika bastola sawasawa ingali ndani ya ala, sekunde 3 zikawa nyingi, nikashuka hadi 2.5, na sasa nafika 1.8 nikiwa nimevaa shati la nje, kwa sababu IDPA hutaka bastola ifichwe. Kidole hakiingii kwenye kifyatulio mpaka bastola iwe inatazama magunia. Hilo silipunguzii muda, hata saa ikilia mara kumi.

Kisha nafanya lile lililonifukuza Kiambu. Nimebandika utepe wa karatasi sakafuni, mstari mmoja mrefu ulio sambamba na magunia, na naufuata kutoka kulia kwenda kushoto huku nikibadilisha magazini, hatua kwa hatua kama mtu anayefundishwa lelemama, nikiulazimisha mdomo wa bastola ubaki ukitazama mchanga wakati kifua kinaelekea mlangoni. Kwa miezi miwili sikutumia saa katika zoezi hilo. Mke wangu aliwahi kukaa kizingitini akanitazama, akasema, "Kiwiko." Alikuwa amesema kweli, kiwiko changu cha kulia kilikuwa kikitoroka. Tangu hapo simu huiweka kwenye kiti inirekodi, kwani yeye ana kazi zake.

Mazoezi ya kukumbuka mpangilio wa kituo nayafanyia uani bila silaha yoyote. Kabla ya kushindana, washiriki hupewa dakika chache za kukipitia kituo kwa miguu, na mtu asiyezoea hutoka humo kichwa kikiwa kimejaa kadibodi zisizo na mpango. Mimi napanga jerikeni za njano kuwa shabaha na ndoo nyekundu kuwa mateka, nazipita mara moja, nageuka nyuma, naeleza kwa mdomo nitapiga ipi kwanza, nitabadilisha magazini wapi ikiwa kila moja ina risasi 10, na ndoo iko kushoto au kulia kwa jerikeni ya tatu. Mpwa wangu huzihamisha kila siku na hufurahi sana nikikosea. Hapo hahitajiki mtu kushika hata fimbo, na nawasihi wenzangu wasishawishike kununua bastola za kuchezea zinazofanana na halisi, wala bunduki za upepo, kabla ya kuiuliza Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha, kwani askari wa doria hana jinsi ya kujua kwamba ulichoshika mkononi ni cha mchezo.

Niseme neno moja kuhusu pwani yetu, maana vitabu vya bara havilisemi. Chumvi ya bahari hula chuma, na msimu wa kusi ukianza hewa ya Malindi hubeba unyevu wa kutosha kuchipusha kutu juu ya slaidi ndani ya wiki. Bastola inayochomolewa mara 50 kila asubuhi kwa mkono wenye jasho inataka kufutwa na kupakwa mafuta mepesi siku hiyo hiyo, na magazini zifunguliwe na kufutwa ndani. Ala ya ngozi kwetu huvimba na kuikumbatia bastola. Mimi nilihamia ile ya plastiki ngumu baada ya kung'ang'ana na ya ngozi mbele ya watu.

Sitaki nionekane kama mtu anayedai kwamba mazoezi makavu yanatosha. Hayafundishi mrusho wa bastola mkononi risasi inapotoka, wala namna ya kuirudisha kwenye shabaha kwa risasi ya pili, na anayejidanganya kwamba amekuwa bingwa chumbani atashangaa sana kwa risasi tano za kwanza. Bastola tupu pia humsamehe mtu mshiko ulio legelege, kwa kuwa haina nguvu ya kumwadhibu. Kwa hiyo nikifika uwanjani halali, risasi 50 za kwanza sizitumii kwa kushindana na mtu. Nazitumia kuhakikisha kama yale niliyojifunza mbele ya magunia ni kweli, risasi mbili mbili, polepole, nikitazama kijino cha mbele kinavyopanda na kushuka. Safari tatu kwa mwaka za namna hiyo, zikifuatana na dakika 15 za kila asubuhi, zimenitoa katika kufukuzwa na kunifikisha katikati ya orodha, mahali ambapo kwa mtu wa umri wangu na kitambi changu ninapaheshimu. Uwanjani Kirigiti, huko Kiambu, nimewapita watu wanaokaa mwendo wa nusu saa kutoka hapo, ambao hufyatua kila mwisho wa wiki na hawajawahi kufanya zoezi moja wakiwa nyumbani. Nalisema hili bila majivuno makubwa.

Katika jambo moja mwenzetu yuko sahihi kabisa, nalo ni kwamba umbali huu unawafaa wenye magari na wenye maduka ya kumwachia mtu. Tunaojuana katika mchezo huu kutoka Malindi hadi Watamu hatuzidi kumi, na wawili kati yetu ni akina mama ambao hawawezi kuacha nyumba siku tatu kwa ajili ya asubuhi moja ya mashindano. Hivyo, badala ya kuomba matimbo, naona tungeomba kitu kinachowezekana. Vyama vya walengaji vya bara vina maafisa wa usalama waliofuzu. Vyombo vya usalama vina viwanja vyenye matuta. Serikali ya Kaunti ya Kilifi ina ardhi. Ingetosha kabisa kama pande hizo tatu, kwa idhini ya bodi, zingetupa siku moja kila baada ya miezi mitatu, mahali popote kati ya Mtwapa na Marereni, chini ya afisa mwenye mamlaka ya kumfukuza mtu kama nilivyofukuzwa mimi. Gharama ya afisa huyo tutachanga. Kila mtu atakuja na risasi zake kama cheti chake kinavyomruhusu, atasajiliwa anapoingia na atakaguliwa anapotoka.

Ningependa pia siku ya kwanza ya mpango huo, ikiwa utakubaliwa, isiwe ya mashindano wala ya kufyatua, bali ya kufundishana usalama kwa bastola tupu, na mwenzetu aliyeandika kuhusu matimbo awe wa kwanza kualikwa. Kadibodi nitazileta mimi, na magunia ya mchanga yatatoka dukani kwangu bila malipo, mradi mtu alete gari la kuyabeba.

Mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi,
Malindi